Hatua ya ngoma ya miaka 1,200 iliyopita: hawa wameijuaje? (Wamaya na dansi ya kisasa)

#1 Fundi_Taa
Wakuu salaam.

Mimi ni fundi wa taa za jukwaani hapa Los Angeles, mwaka wa tisa sasa. Mwezi huu tuna onyesho la ushirikiano: wachezaji wanne wa dansi ya kisasa wa hapa mjini, na watano Wamaya kutoka nyanda za juu za Guatemala, Wakaqchikel na Wak'iche'. Mazoezi yako wiki ya tatu.

Juzi mtunzi wa onyesho kawatandazia picha sakafuni, picha ya jiwe la kuchongwa, mfalme kasimama na manyoya yake. Akawaambia: tazameni mguu. Kisigino kimoja kimeinuka kidogo, vidole viko chini. Akasema hiyo ndiyo hatua yenyewe, ilichezwa karne ya 8. Basi saa mbili nzima watu tisa wanainua kisigino na kukishusha, wanainua na kukishusha. Mimi niko juu ya ngazi nakaza taa, najiuliza huyu kajuaje? Kesho nikipigwa picha natoa mchanga kwenye kiatu, baada ya miaka 1,200 watasema nilikuwa nacheza mdundiko?

Wenye ujuzi nisaidieni. Picha iliyoganda inaweza kuzaa ngoma? Au tunanyweshwa chai?

#2 Kiazi Kitamu
Chai. Tena ya mkandaa.

Kwani Wamaya si walishaisha? Kalenda yao ilikoma 2012, na wenyewe walikoma zamani. Hao watano umewatoa wapi?

#3 binti_pangani
@Kiazi Kitamu ungesoma kidogo kabla ya kuandika. Sensa ya Guatemala ya 2018 ilihesabu Wamaya asilimia 41.7 ya watu wote nchini, zaidi ya milioni 6. Lugha za Kimaya zinazotambuliwa pale ni 22. Bado hujaenda Meksiko, Yucatán na Chiapas, wala Belize. Walioacha kujengewa mapiramidi ni wafalme, wakulima waliendelea kulima mahindi.

Na kalenda haikukoma. Tarehe 21 Desemba 2012 ilikuwa kama mita ya gari kufika namba nzima na kuanza upya. Hakuna anayetelekeza gari kwa sababu hiyo.

#4 Kiazi Kitamu
Nimepokea kipigo. Ila swali la kisigino halijajibiwa.

#5 Mwalimu wa Jioni
Ngoja nijaribu, mleta uzi.

Mtunzi wako hajabuni hewani. Wamaya wa kale waliandika, na mwandishi alizoea kuweka maneno pembeni ya picha, kama maelezo chini ya picha ya gazeti. Kuna alama moja iliyojirudia sana pembeni ya hao wafalme wenye kisigino juu, na kwa muda mrefu haikusomeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nikolai Grube, Mjerumani, akaisoma: *ahk'ot*, kucheza. Hadi leo Mmaya wa Yucatán akisema *óok'ot* anamaanisha ngoma. Kwa hiyo yule mfalme hakusimama kwa pozi. Maneno yanasema alikuwa anacheza, siku fulani, akiwa ameshika kitu fulani, na mara nyingi kitu chenyewe wanakitaja kwa jina.

Ukitaka kuona wingi wake tafuta picha za Yaxchilán, pale mtoni Usumacinta. Mfalme Bird Jaguar IV, aliyetawala 752 hadi 768, amechongwa akicheza mara kadhaa, na mara nyingine anacheza pamoja na wakuu wa chini yake. Halafu nenda Bonampak, karibu na hapo. Vyumba vitatu vimepakwa rangi ukuta mzima, mnamo mwaka 790 hivi. Wachezaji wamebeba manyoya mgongoni marefu kuliko wao, pembeni kuna watu wa manyanga, ngoma, tarumbeta na wengine wanagonga magamba ya kobe. Nakala ya vyumba hivyo iko makumbusho ya taifa ya anthropolojia, Mexico City.

Kisigino basi kina ushahidi.

#6 Mdadisi77
@Mwalimu wa Jioni heshima yako, lakini umethibitisha kitu kimoja na kuuza viwili. Neno linasema "anacheza". Halisemi anacheza VIPI. Kisigino kuinuliwa ni namna mchongaji alivyozoea kumwambia mtazamaji "huyu yuko kwenye ngoma". Kama mchoraji wa katuni anavyoweka vistari nyuma ya mtu akikimbia. Miguu ya watu haitoi vistari.

Mapigo yalikuwa mangapi? Anakwenda mbele au anazunguka? Goti limekunjwa? Hayo hayamo kwenye jiwe.

Halafu jiwe lile kalipia nani? Mfalme. Tumewaona wakulima wakicheza? Hatujawaona. Tumeona matangazo ya ikulu.

#7 Nyundo
Mdadisi, yupo aliyeandika "vipi", ila utacheka ukimjua.

Diego de Landa, padri wa Kifransisko huko Yucatán. Tarehe 12 Julai 1562 pale Maní alikusanya vitabu vya Wamaya akavichoma moto, kwa kuwa eti havina kitu ila uongo wa shetani. Miaka michache baadaye akakaa akaandika habari za watu wale wale! Anaeleza ngoma ya vita: watu kama 800 au zaidi, kila mmoja na kibendera, wanakwenda kwa hatua ndefu za kivita kufuata ngoma, na katika wote hao hakuna hata mmoja anayekosea hatua. Kisha anaeleza nyingine ya mianzi. Duara kubwa, wawili wanaingia kati, mmoja anamrushia mwenzake mianzi kwa nguvu zote, yule kachuchumaa anaidaka kwa kijiti.

Hatua ndefu za kivita na kuchuchumaa. Hapo kisigino kimoja kimepewa wapi nafasi?

#8 Mwalimu wa Jioni
@Nyundo hiyo ni Yucatán, karne ya 16. Yaxchilán ni miaka 800 nyuma na ni mbali. Ukichukua ngoma ya Songea leo ukaeleza nayo Kilwa ya Ibn Battuta utakuwa umefanya nini?

#9 Nyundo
Nitakuwa nimefanya anachofanya mtunzi wa dansi 😂

#10 Mzee wa Kilwa
Vijana mnabishana na mawe na makaratasi wakati ngoma yenyewe ipo inachezwa.

Mji unaitwa Rabinal, mkoa wa Baja Verapaz, Guatemala. Kila Januari, kuelekea sikukuu ya Mtakatifu Paulo tarehe 25, Wamaya Achi wanacheza *Rabinal Achí*, kwa jina lake la zamani *Xajooj Tun*, yaani ngoma ya tun, lile gogo lililochongwa kati. Vyombo ni gogo hilo na tarumbeta mbili, basi. Hadithi yake ni ya karne ya 15: shujaa wa K'iche' kakamatwa na shujaa wa Rabinal, anapelekwa mbele ya mtawala, anahukumiwa kufa. Anaomba anywe kinywaji cha mtawala, anapewa. Anaomba acheze na binti wa nyumba ile, anaruhusiwa. Kisha anaomba siku 13 mara 20, jumla 260, akaage milima na mabonde ya kwao. 260 ndiyo kalenda yao takatifu. Halafu anarudi kufa.

Sasa kilichonifurahisha. Hawa wawili hawajibizani hovyo. Kila mmoja kabla ya kusema lake anarudia kwanza maneno ya mwenzake: "umesema hivi na hivi mbele ya mbingu, mbele ya ardhi", ndipo anajibu.

Mchezo wenyewe ni wa polepole, wanazunguka kwa hatua fupi, vinyago vya mbao usoni. UNESCO waliutangaza 2005. Ukitafuta hatua ya Kimaya ianzie hapo, kwa wenye miguu hai.

#11 Kiazi Kitamu
> Kila mmoja kabla ya kusema lake anarudia kwanza maneno ya mwenzake

Kumbe kunukuu posti kumeanza karne ya 15. Mods wekeni kwenye kanuni.

#12 mla_kunde
Mmesahau ile kubwa kuliko zote, wanaume wanaojifunga kamba mguuni na kuruka kutoka juu ya mti mrefu wakizunguka. Hiyo ndiyo ya Wamaya wa Papantla, wachezaji wa kisasa wanaiga sana kwa kamba za sarakasi.

#13 binti_pangani
Papantla iko Veracruz, Meksiko, na wale ni Watotonaki, si Wamaya. Wao wanaruka wanne, kila mmoja mizunguko 13, jumla 52, miaka ya duru ya kalenda. Ila hujakosea kabisa: Guatemala wanayo pia, Joyabaj na Cubulco, na huko ni Wamaya kweli.

#14 mla_kunde
Asante dada. Nimerekebishwa bila kutukanwa, humu ni nadra.

#15 Mdadisi77
@Mzee wa Kilwa shikamoo. Lakini Rabinal Achí nayo imepita mikononi. Aliyeiandika ikasomwa Ulaya ni padri Mfaransa, Brasseur de Bourbourg, akaichapisha Paris mwaka 1862. Imekaa chini ya kanisa karne nne, inachezwa sikukuu ya mtakatifu. Nani anajua hatua ipi ni ya kabla ya Wahispania na ipi imeingia na maandamano ya kanisa?

#16 Mzee wa Kilwa
Marahaba. Unatafuta maji ambayo hayajapita mtoni, mwanangu. Nikuulize: wewe lelemama ya bibi yako ilikuwa "safi"? Mbona akicheza hukumwomba cheti?

Na kumbuka watu wa Rabinal walichopitia. Machi 1982 pale Río Negro jeshi na mgambo waliua wanawake 70 na watoto 107 kwa siku moja, ndani ya vita vya 1960 hadi 1996. Kijiji kilikuwa kimekataa kuhama kupisha bwawa la Chixoy. Wale wale Achi. Ngoma iliyotoka hapo ikiwa bado inachezwa, mimi sina ulimi wa kuiuliza usafi.

#17 Fundi_Taa
Wazee wangu, nimesoma kila posti. Leo kimetokea kituko kingine.

Kati ya wale watano yuko mama mmoja wa makamo, hachezi sana, kazi yake ni kufungua na kufunga. Kaja na kifuko cha utomvu mkavu, vipande vyeusi vimefungwa kwenye ganda la hindi, wanauita *pom*. Anataka kuchoma jukwaani kabla ya ngoma kuanza. Wenye ukumbi wamekataa katakata: ving'ora vya moto, bima, maneno mengi. Nikaambiwa mimi niwashe mashine ya moshi, ile ya maji na glaiseroli, "itaonekana vilevile".

Nikaiwasha. Moshi mweupe mzuri, nikaupiga taa ya kahawia kutoka nyuma, ukweli ulipendeza. Mama akausogelea, akaunusa, akatikisa kichwa. Mkalimani akatwambia anasema: huu moshi hauendi kwa mtu.

Mtunzi akakaa chini. Dakika kumi hakuna aliyecheza.

#18 Mnazi Mmoja
Fundi, hicho kifuko kina historia na kwetu pia, wengi hawajui.

Jina ambalo Wazungu wanaliita ni *kopal*, kutoka *copalli* ya Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Walipokuja Unguja na Mrima wakakuta sandarusi, wakaipa jina lile lile, kopal ya Zanzibar. Wazee wetu waliichimba ardhini Bara, utomvu wa msandarusi uliozikwa siku nyingi hadi ukawa kama kioo, mara nyingine na mdudu ndani. Karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilikuja kuibeba kwa mafrasila. Kazi yake huko: vanishi ya samani na magari ya farasi.

Miti ni tofauti, wala si ndugu wa karibu. Wao uvumba wa kuombea, sisi tuliuza ikapakwe viti vya watu. Kwa kufukiza tukabaki na ubani na udi.

#19 binti_pangani
"Huu moshi hauendi kwa mtu." Nimeisoma mara tatu.

#20 Kipepeo Mweusi
Mimi naona mnazunguka swali halisi. Si "wamejuaje", ni "wameruhusiwa na nani".

Guatemala kuna kundi linaitwa Sotz'il, Wakaqchikel wa Sololá, wapo tangu miaka ya 2000. Jina linatokana na popo, nembo ya Wakaqchikel. Wao hawakusubiri mtunzi wa nje awatandazie picha. Wametumia picha za kale, ndiyo, lakini pia wamewauliza wazee wa kalenda, wameangalia wanyama wanavyokwenda, wamerudisha filimbi za udongo na magamba ya kobe, wakatengeneza ngoma mpya kwa lugha yao. Mojawapo inamhusu Kaji' Imox, mtawala wao aliyenyongwa na Wahispania mwaka 1540. Kiongozi wao Lisandro Guarcax alitekwa na kuuawa tarehe 25 Agosti 2010. Kundi halikufa.

Kwa hiyo ukisema "dansi ya kisasa imekutana na utamaduni wa Kimaya" unasema kama vile Mmaya ni wa kale na mwenzake ndiye wa leo. Wote wawili wana simu mfukoni.

#21 Mdadisi77
@Kipepeo Mweusi nakubali nusu. Lakini nao Sotz'il wamebuni, umesema mwenyewe "ngoma mpya". Kwa nini wao wakibuni iwe urithi, mtunzi wa Los Angeles akibuni iwe wizi?

#22 Kipepeo Mweusi
Kwa sababu mmoja akikosea anamjibu bibi yake, na mwingine akikosea anapata uhakiki gazetini.

#23 Nyundo
Hilo la ruhusa halipo kwenye ngoma tu. Mwaka 2016 wafumaji wanawake wa Kimaya walikwenda Mahakama ya Katiba ya Guatemala kudai mitindo ya nguo zao ilindwe, maana kampuni zilikuwa zinakata *huipil* (blauzi zao za kufumwa) kuukuu na kutengeneza mikoba. Fundi, hebu tuambie, mavazi ya onyesho lenu yametoka wapi?

#24 Fundi_Taa
Watano wamevaa ya kwao. Wale wanne walishonewa hapa kitambaa cha kunyumbulika chenye chapa ya mistari inayofanana. Mama wa *pom* alipoiona alicheka, akamshika binti mmoja bega akamgeuza huku na huku kama anakagua nguo ya sikukuu ya mtoto. Sikuelewa kacheka kwa kupenda au kwa kitu kingine.

#25 Sauti ya Dodoma
Samahani natoa uzi nje ya barabara kidogo. Muziki wenu ni wa nini? Kuna marimba?

#26 Fundi_Taa
Ipo! Kubwa, inapigwa na watu watatu. Ina mlio kama nyuki ndani yake. Nilidhani spika yangu imepasuka, nikazunguka nusu saa natafuta waya.

#27 Sauti ya Dodoma
Haikupasuka 😂 Chini ya kila mbao kuna mtungi wa sauti wenye kitundu, kimezibwa kwa utando wa utumbo wa nguruwe. Utando ukitetemeka ndio huo mlio wa nyuki, wanautaka makusudi.

Sasa sikilizeni. Mimi baba yangu ni Mgogo, alikuwa na ilimba, kile chombo cha vijiti vya chuma ubaoni kinachopigwa kwa vidole gumba. Ubaoni kuna tundu, na juu ya tundu alibandika utando wa yai la buibui, ule mweupe anaotaga nao ukutani. Tukiwa watoto kazi yetu ilikuwa kumtafutia nyuma ya kabati. Ukitoboka, hapigi hadi tulete mwingine. Alisema bila huo "mti unaongea na pua imeziba".

Guatemala waliitangaza marimba kuwa chombo cha taifa mwaka 1978, na jina limebaki la Kibantu kabisa, ma-rimba. Nani kalipeleka? Watu wetu, kwa minyororo.

#28 Mwalimu wa Jioni
Naunga mkono kwa tahadhari. Wapo Guatemala wanaoshikilia kuwa marimba ni ya Kimaya tangu asili. Ila kwenye michoro ya kale, Bonampak ikiwemo, haimo. Kobe yumo, manyanga yamo, marimba hamna. Habari za mwanzo kule ni za mwaka 1680. Isipokuwa "watu wetu" ni neno pana: waliovushwa Atlantiki wengi walitoka Kongo, Angola na Afrika ya Magharibi, si Dodoma.

#29 Sauti ya Dodoma
Sikusema baba yangu ndiye kaipeleka mwalimu. Nimesema utando.

#30 Kiazi Kitamu
Kwa hiyo onyesho la Kimaya "halisi" lina kisigino cha mfalme, kitambaa cha kiwandani, moshi wa glaiseroli na chombo cha Kibantu. Na mnamwandama mtunzi?

#31 Mzee wa Kilwa
Kiazi leo umeamka vizuri.

Mnaokumbuka sindimba ilivyotolewa kwa Wamakonde ikapelekwa kwenye jukwaa la taifa baada ya uhuru, mtanielewa. Iligeuzwa onyesho la kupokelea wageni, na ngoma iliyokuwa na mwanzo na mwisho wake kijijini ikapewa dakika tano. Waliocheza walikuwa Watanzania wenzetu. Wala hakukuwa na mgeni wa kumlaumu.

#32 Kipepeo Mweusi
Mzee hapo umenikata. Lakini bado ruhusa ni ruhusa.

#33 Mdadisi77
Na kisigino bado ni alama ya mchongaji. Sijasogea.

#34 Fundi_Taa
Jana ilikuwa usiku wa kwanza, naleta mrejesho.

Wenye ukumbi hawakulegeza. Saa kumi na mbili jioni mama akawaita wote tisa, wakatoka mlango wa nyuma hadi maegesho ya magari, nami nikafuata na tochi. Akawasha *pom* kwenye kopo la bati lenye matundu, kati ya lori la taa na pipa la taka. Moshi mzito, harufu kama limau na nta ya meza. Kila mmoja akafukizwa mbele, nyuma, kisha nyayo. Nyayo alikawia nazo. Wakaingia jukwaani moja kwa moja bila kubadili nguo. Watu wa safu za mbele wakawa wanageuka geuka kutafuta harufu inatoka wapi. King'ora hakikulia.

Kuhusu kisigino: nilimpata mtunzi akifunga begi, nikamuuliza swali la Mdadisi kama lilivyo. Akasema hajui mapigo yalikuwa mangapi. Siku ya pili ya kufanyia mazoezi kisigino, mmoja wa Wak'iche' alimwambia hatua ile anaifahamu, ni ya baba yake akikanyaga udongo baada ya kupanda mahindi, ila baba hutangulia na mguu wa kushoto. Ndiyo maana onyesho zima wanaanza na kushoto. Jiwe lenyewe ni mguu wa kulia.

#35 Mwalimu wa Jioni
Jiwe lipi hasa? Nipe namba yake nikaangalie.

#36 Mdadisi77
Kupanda mahindi!! Kwa hiyo ni wakulima hatimaye?

#37 Nyundo
Au ni kijana kamsikia mgeni anataka hadithi akampa hadithi. Nimeshafanya hivyo na mtafiti mmoja, nikalipwa soda.

#38 Mnazi Mmoja
Fundi muulize huyo mama *pom* anauzaje. Nina sandarusi kama nusu kilo ya marehemu babu, tunaweza kubadilishana.